Kompyuta ya kuandikia nota za kwaya na kuzisikiliza: tununue ipi kwa dola 400?

Barua

Baba Mshauri, jambo sana.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya parokia moja hapa Lubumbashi, katika komine ya Katuba. Kwaya yetu huimba kwa sauti nne, na kwa miaka mingi nyimbo zetu zilikuwa zikiandikwa kwa mkono na kupigwa fotokopi. Tangu mwaka jana nimeanza kuziandika katika kompyuta kwa programu ya MuseScore, kwa sababu waimbaji wetu wengi hawasomi nota bali hujifunza kwa kusikia, na programu hiyo inaweza kuwapigia kila kundi sauti yake hata nisipokuwapo.

Shida ni kompyuta yenyewe. Ni kompyuta mpakato ya zamani niliyoachiwa na kaka yangu, yenye prosesa ya Core i3, RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Kuandika kunawezekana, ingawa polepole. Lakini ninapobonyeza kitufe cha kucheza wimbo, sauti hukwaruza na kukatika, na mara nyingine husimama kabisa wimbo unapofika pale ambapo sauti zote nne zinaingia pamoja na kinanda. Betri haidumu hata robo saa, na unajua namna umeme unavyokatika huku kwetu. Vitufe vitatu vya kibodi vimekufa.

Kamati ya kwaya imekubali kutoa dola 400, nayo inataka pendekezo moja lililo wazi. Muuzaji mmoja wa katikati ya mji ananishauri ninunue kompyuta ya michezo yenye kadi kubwa ya picha. Binamu yangu aliye Kolwezi anasema kwamba kazi ya muziki ni Mac tu. Mpiga kinanda wetu anasema kompyuta yoyote itafaa, mradi tununue kadi ya sauti ya nje, kwa kuwa anaamini kwamba mkwaruzo unatoka kwenye kadi iliyo ndani. Tena waimbaji wa besi wanalalamika kwamba ninapowachezea sauti yao kwenye kompyuta hawaisikii vizuri, na tenor wao wanasikika juu kupita kiasi, kama wanawake.

Tununue nini, na dola hizo tuzigawe namna gani? Je, tunahitaji kinanda kidogo cha kuunganisha na kompyuta? Na nyimbo za zamani ambazo mwalimu aliyenitangulia aliziandika kwa Finale zitakuwaje, maana tumesikia kwamba programu hiyo imefungwa?

Mwalimu wa kwaya, Katuba

Jibu

Mama Mwalimu,

Pendekezo la kupeleka mbele ya kamati ni hili. Nunueni kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, ya aina zinazotengenezwa kwa ajili ya ofisi, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha juu zaidi, RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD, yaani isiyozunguka, ya gigabaiti 256. Nunueni pia jozi ya spika za waya na vipokea sauti vya masikioni, navyo vya waya. Kadi kubwa ya picha, kadi ya sauti ya nje na kinanda kipya viacheni. Sababu ninazieleza kwa urefu, kwa kuwa fedha hizi ni za waimbaji, na kila aliyechanga ana haki ya kujua kwa nini zimetumika hivyo.

Kuandika nota na kuzipiga ni kazi mbili tofauti ndani ya kompyuta, ingawa zinafanywa na programu moja. Ukurasa wa nota ni kitu chepesi: ni mistari, vichwa vya nota, maneno na alama, na hata mashine ya zamani huuchora bila taabu kubwa. Sauti ndiyo nzito. Programu haina rekodi ya kwaya yako. Ina maagizo tu yanayosema nota ipi ilie, kwa nguvu gani, ianze lini na inyamaze lini, kwa namna ileile ya MIDI ambayo vinanda vya umeme vimekuwa vikiitumia tangu mwaka 1983. Maagizo hayo ni lazima yageuzwe kuwa sauti papo hapo, wimbo ukiwa unaendelea. Sauti ya kidijitali ya kiwango cha CD ina vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na kompyuta huvikokotoa kwa mafungu. Fungu la vipimo 512, kwa mfano, ni sauti ya takribani sehemu 12 za elfu za sekunde. Wakati spika zinapiga fungu hilo, fungu linalofuata ni lazima liwe tayari. Likichelewa, spika hukosa cha kupiga, nawe husikia mkwaruzo.

Ndiyo maana sauti yako huharibika palepale ambapo soprano, alto, tenor, besi na kinanda vinakutana. Nota zinazolia kwa wakati mmoja zimeongezeka, mwangwi wa kila moja unaongezwa juu yake, na hesabu haimaliziki kwa wakati. Kuna na jambo la pili, ambalo katika kompyuta yako nadhani ndilo kubwa zaidi. Windows yenyewe pamoja na programu zinazojiwasha huchukua sehemu kubwa ya zile gigabaiti 4 za RAM, na nafasi inapokwisha kompyuta huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosafiri juu ya sahani kutafuta data, na safari moja ya kutafuta huchukua karibu sehemu 10 za elfu za sekunde au zaidi. Linganisha 10 hizo na 12 za fungu letu la sauti, na utaona kwamba diski ikitafutwa mara mbili tu fungu limekwisha kuchelewa. SSD haina kitu kinachosogea ndani yake, na hujibu kwa muda ulio mfupi kuliko huo mara nyingi sana.

Kwa hiyo mpiga kinanda wenu amesikia vizuri, lakini chanzo sicho alichokitaja. Kadi ya sauti, iwe ya ndani au ya nje, hupokea vipimo vilivyokwisha kukokotolewa na kuvigeuza kuwa umeme wa spika. Haiongezi RAM wala haiharakishi diski. Ukiiunganisha kadi nzuri na kompyuta hiyo ya sasa, utasikia mkwaruzo uleule, safi zaidi. Kadi ya nje ina kazi yake, nayo ni kurekodi kwaya kwa maikrofoni, au kuwasha sauti bila kuchelewa kwa mtu anayepiga kinanda kupitia kompyuta. Siku mtakapotaka kurekodi, nunueni ndogo yenye njia mbili za kuingizia sauti. Leo si siku hiyo.

Hapa kuna jambo la kukusaidia juma hili hili, kabla hata kamati haijaketi. Mkwaruzo huo hutokea kwa sababu sauti inakokotolewa wimbo ukiwa unapigwa. Ukiiagiza programu itoe wimbo kama faili ya sauti, yaani faili ya MP3, haitakimbizana tena na saa: kompyuta dhaifu itachukua muda wake, pengine dakika kadhaa, lakini faili itakayotoka itakuwa safi. Kisha uipige faili hiyo mbele ya waimbaji badala ya kuupiga wimbo ndani ya programu. Vilevile fungua mipangilio ya sauti ya programu uangalie kama inakuruhusu kukuza bafa, yaani ukubwa wa lile fungu la vipimo. Ukiipeleka kwenye 1,024 au 2,048, utachelewa kusikia nota ya kwanza kwa kitambo ambacho hakuna mwimbaji atakayekigundua, nayo kompyuta itapata pumzi.

Sasa, kabla ya kuchagua mashine, ni lazima useme unataka sauti hiyo ikufanyie nini, maana hapo ndipo gharama huamuliwa. MuseScore huja na mkusanyiko wake wa sauti ulio mdogo, usiozidi makumi ya megabaiti, wenye ala zote za kawaida. Mkusanyiko huo hauna uzuri wa kumfanya mtu afumbe macho, lakini unapiga nota sahihi kwa wakati sahihi, na RAM ya gigabaiti 8 inautosha kabisa. Tangu MuseScore 4 itoke mwezi Desemba mwaka 2022, upo pia mkusanyiko wa ziada uitwao Muse Sounds, ambao ni wa bure na una sauti zilizorekodiwa kutoka kwa wapigaji na waimbaji halisi. Ni mzuri kweli. Lakini kuupakua kunataka gigabaiti nyingi za intaneti, na wewe unajua bei ya mega hapa mjini. Kuutumia kunataka RAM kubwa na diski ya haraka. Na kwaya iliyomo huimba irabu, haiimbi maneno ya Kiswahili uliyoyaandika chini ya nota.

Maoni yangu, ambayo nayashikilia kwa nguvu, ni kwamba kwa kufundishia kwaya sauti nyepesi ni bora kuliko sauti nzuri. Sauti ya kwaya ya kompyuta huanza kwa ulaini, mwanzo wa nota haujulikani, na mwimbaji asiyesoma nota hawezi kushika mapigo yake. Wape waimbaji ala yenye mwanzo ulio wazi na sauti inayoshikilia: obo au klarineti kwa kundi linalofundishwa, na piano iliyopunguzwa kwa sauti tatu nyingine. Sikio litaitenga sauti yake mara moja, na bado litasikia harmonia inayoizunguka. Mkusanyiko mkubwa uuache kwa siku ambayo mtataka kumwonjesha paroko wimbo mpya kabla haujaimbwa. Ninapendekeza gigabaiti 16 za RAM ili siku hiyo ikifika mashine isiwakatalie, lakini fedha zikiwa pungufu anzeni na 8, kwa sharti kwamba kompyuta inakubali kuongezewa baadaye.

Kuhusu kompyuta ya michezo, kadi kubwa ya picha hukokotoa picha. Programu ya nota haina kazi ya kuipa, nayo sauti yote hukokotolewa na prosesa. Mtalipia kitu kitakachokula umeme, kitakachomaliza betri upesi na kitakachowasha feni kwa kelele katikati ya mazoezi. Muuzaji anayekuelekeza huko pengine ana nia njema, lakini kompyuta anayoisifu inatoka katika kazi nyingine.

Binamu yako wa Kolwezi ana hoja nzito zaidi. Mac hushughulikia sauti kwa utulivu bila kuhitaji draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa) za ziada, na MacBook Air yenye prosesa ya M1, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, haina feni kabisa na hukaa na chaji kwa saa nyingi. Kama parokia ingepewa moja kama zawadi, ningesema ipokeeni kwa shukrani. Ila RAM yake na diski yake vimeunganishwa moja kwa moja na ubao wa ndani: ukinunua ya gigabaiti 8 itabaki ya gigabaiti 8 hadi mwisho, na ikipata hitilafu fundi wa kawaida hataweza kubadilisha kipande kimoja na kukurudishia mashine yako. Kwa kwaya inayotegemea michango ya Jumapili, kompyuta inayofunguka kwa bisibisi ina thamani kubwa kuliko uzuri wa umbo. MuseScore yenyewe ni ileile katika Windows, Mac na Linux.

Tafuteni basi kompyuta za kiofisi: Lenovo ThinkPad T480, HP ProBook 450 G5, Dell Latitude 5590, au nyingine za rika hilo. T480 ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, jambo ambalo katika mji wa umeme wa kukatika si dogo. ProBook 450 na Latitude 5590 zina kioo kikubwa zaidi, cha inchi 15.6, ambacho kinaonyesha mistari minne ya kwaya na miwili ya kinanda bila kulazimika kusogeza ukurasa kila mara.

Kuna na jambo la kibodi, ambalo washauri wengi hulipita kwa sababu hawaandiki nota wenyewe. Katika MuseScore urefu wa nota huchaguliwa kwa tarakimu: 5 ni nota ya pigo moja, 6 ni ya mapigo mawili, 7 ni ya mapigo manne, 4 ni ya nusu pigo. Nota zenyewe huandikwa kwa herufi, ambapo C ni do, D ni re, na kuendelea hadi A ambayo ni la na B ambayo ni si. Kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa, za AZERTY, na katika kibodi hizo tarakimu za mstari wa juu hupatikana kwa kushikilia Shift. Mtu anayeandika nota mia tano jioni moja atachoka. Chagueni kompyuta yenye kitalu cha tarakimu upande wa kulia, au mkichukua T480, ambayo haina, nunueni kitalu kidogo cha nje cha kuchomeka kwenye USB. Mkono wa kulia utabaki kwenye tarakimu na wa kushoto kwenye herufi, na kasi yako itabadilika kabisa.

Mkifika kwa muuzaji, msiamini kibandiko kinachosema i5. Tazameni namba nzima ya prosesa: katika i5-8250U tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 8, ndiyo kizazi, wakati i5-4300U ni ya kizazi cha 4 na ni ya zamani sana ingawa kibandiko chake nacho kinasema i5. Kizazi hicho cha 8 nimekitaja kwa sababu ya pili pia. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni yake rasmi hukubali prosesa za Intel kuanzia takribani kizazi hicho. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na ukurasa wa utendaji utawaonyesha RAM iliyopo na kama diski ni SSD kweli. Kisha fungueni dirisha la amri mwandike powercfg /batteryreport. Windows itatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Betri iliyobaki na nusu ni sababu ya kushusha bei. Iliyobaki na robo ni sababu ya kutafuta kompyuta nyingine. Mwisho, nenda na wimbo wenu mgumu kuliko yote kwenye flashi, pamoja na faili ya kusakinishia MuseScore uliyoipakua nyumbani, uupige hapohapo dukani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Muuzaji mkweli hatakukatalia.

Nije kwenye besi, ambao malalamiko yao ni ya haki kabisa. Nota ya mi ya chini ya besi ina mitetemo 82 hivi kwa sekunde, wakati spika ndogo za ndani ya kompyuta mpakato hufifia sana chini ya mitetemo 200. Wanachosikia besi wako ni kivuli cha nota yao, yaani mitetemo ya juu inayoandamana nayo, na mwimbaji asiye mzoefu hukosea oktava au hupoteza njia. Soprano hawana shida hiyo kwa sababu nota zao zote ziko juu ya hapo. Ndiyo maana nimetaka sehemu ya fedha iende kwenye spika. Tafuteni jozi inayotumia umeme wake yenyewe, yenye koni ya inchi 4 au 5, inayounganishwa kwa waya wa tundu la vipokea sauti. Spika ya Bluetooth inapendeza kwa sherehe, lakini huchelewesha sauti kwa muda unaoonekana, mara nyingi zaidi ya sehemu 100 za elfu za sekunde. Utabonyeza nota na kuisikia baadaye, na mstari unaotembea juu ya nota utakuwa umeitangulia sauti. Kwa kuandikia nyumbani, vipokea sauti vya waya vinatosha na haviamshi watoto.

Mkiunganisha spika na kusikia mngurumo usiokoma, chomoeni chaja ya kompyuta kwa dakika moja. Mngurumo ukitoweka, tatizo liko kwenye umeme unaopitia chaja. Pigeni wimbo kwa betri wakati wa mazoezi, au jaribuni chaja nyingine kabla ya kumlaumu yeyote.

Suala la tenor haliko kwenye kompyuta. Tenor huandikwa kwa ufunguo wa sol wenye tarakimu 8 ndogo chini yake, ambao huiambia programu kwamba sauti ishushwe oktava moja. Inaelekea umetumia ufunguo wa sol wa kawaida. Ubadilishe katika mstari wa tenor: programu itaiacha sauti ileile na kuzipandisha nota kwenye mistari, kwa hiyo chagua mstari wote wa tenor uushushe oktava moja kwa Ctrl na mshale wa chini, kisha usikilize tena. Nota zikirudi mahali pake pa awali kwenye mistari, umefanya sawasawa.

Kwa kuwatumia waimbaji nyimbo kwenye WhatsApp, toa faili nne, kila moja ikiwa na sauti moja iliyokuzwa kwenye mikisa (sehemu ya programu ya kupangia nguvu ya kila sauti) na nyingine zimepunguzwa. Tumia MP3 ya kilobiti 128: wimbo wa dakika nne utakuwa na megabaiti 4 hivi, wakati wimbo huohuo katika faili ya WAV ungefikia megabaiti 42. Mwimbaji anayenunua mega kidogo kidogo ataifungua ya kwanza na kuiacha ya pili.

Kinanda kipya hamkihitaji ikiwa kanisa lina kinanda cha umeme chenye tundu la USB la kuunganisha na kompyuta, ambalo katika vinanda vingi vya Yamaha limeandikwa USB TO HOST. Waya unaohitajika kwa kawaida ni uleule wa printa. Kinanda hicho kitaingiza nota ndani ya MuseScore kama kile cha kununua.

Mgawanyo wa dola 400 ningeupanga hivi: kompyuta yenyewe isizidi 260, pamoja na nyongeza ya RAM kama itahitajika, spika na vipokea sauti visizidi 80, kifaa cha kutuliza umeme, kile ambacho wauzaji wetu hukiita stabilizateur, pamoja na kitalu cha tarakimu na waya wa kinanda, 30, na zinazobaki zinunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Kifaa cha kutuliza umeme msikipuuze, maana umeme unaporudi baada ya kukatika huja mara nyingi kwa kishindo, na katika miezi ya mvua radi za Katanga hazina huruma: ikianza kunguruma, chomoeni kila kitu ukutani na mwendelee kwa betri. Ndani ya MuseScore washa uhifadhi wa moja kwa moja wa kila dakika 5 au chini.

Kompyuta ya zamani msiitupe. Ikiwekewa SSD ndogo na Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na kibodi ya nje ya USB kwa ajili ya vitufe vilivyokufa, itafaa kuandikia nota kwa msaidizi wako, ambaye atakuletea faili uzisikilize kwenye mpya.

Na kabla hamjaigusa, fanyeni kazi moja ndani yake. Ni kweli kwamba MakeMusic, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza Finale, ilitangaza mwezi Agosti mwaka 2024 kuacha kuiendeleza Finale, baada ya miaka 35. Finale iliyokwisha kusakinishwa haikomi kufanya kazi kwa tangazo hilo, lakini haitafanyiwa marekebisho, na kuihamishia kwenye kompyuta mpya kutazidi kuwa kugumu. Kama ya mwalimu aliyekutangulia bado inafunguka, katika mashine hiyo au kwake mwenyewe, fungua wimbo mmoja baada ya mwingine na kuutoa kwa muundo wa MusicXML, ambao MuseScore na programu nyingine za nota kama Sibelius na Dorico zote huusoma. Nota, maneno na mapigo vitahama. Mpangilio wa ukurasa utavurugika kidogo, kwa hiyo toa pia nakala ya PDF ya kila wimbo ili uwe na cha kulinganisha nacho. Anza na nyimbo ambazo hazipo tena kwenye karatasi.